Daftari la Wasio na Wenyewe

Shard End,
Birmingham.
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa dada yangu Dahabo,

Assalaam aleikum warahmatullah. Kabla ya jambo lolote nayaulizia magoti yako, maana tulipozungumza mara ya mwisho uliniambia yamekataa kusujudu na wewe umekataa kuswali kitini. Kubali kiti, dada. Mungu si askari wa zamu hata akukague namna ulivyokaa. Namuulizia Mama, macho yake na usingizi wake. Namuulizia Nafiso na watoto wa Makungu, ambao nadhani si watoto tena, maana yule mkubwa alinitumia picha akiwa na ndevu nikadhani ni mwalimu wake.

Sisi huku tu wazima. Baridi imeshaanza, nimetoa mablanketi. Mwanangu Najib amepata kazi kwenye ghala moja kule Nechells. Anarudi amechoka na anakula amesimama. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha ananijibu kwa Kiingereza, na mimi nimeshachoka kumgombeza. Bado nashona pale sebuleni. Wanawake wa mtaa wananiletea suruali za kupunguza na mapazia ya kupindwa, wananiona fundi hodari, nami nawaacha waone hivyo.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi ilhali simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwa simu nisingefika mwisho. Ungelia, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza. Ujumbe wa sauti nao unasikilizwa na nyumba nzima kabla hujajua ndani mna nini. Nimempa Ahmednoor wa Winson Green, yule mwenye asili ya Garissa, anayesafiri Alhamisi, na nimemwambia aitie mkononi mwako. Isome peke yako, uimalize, ndipo uamue nani aisikie. Ni habari ya Makungu. Nimejua yuko wapi, dada, na hayuko hai.

Nimeacha nafasi kidogo ya karatasi hapo juu ili upumzike. Sasa nianze mwanzo.

Huku Birmingham yuko mama mmoja, Bi Jatinder, Singasinga wa Kisumu, mwanasheria aliyestaafu lakini hajui kustaafu. Kiswahili chake kitakuchekesha, kinatoka sokoni Kibuye moja kwa moja. Miaka miwili sasa anakusanya ushahidi wa watu ambao ndugu zao wa jamii za msituni, wenyeji wa asili wa ardhi zao, walipotea au waliuawa na hakuna aliyeulizwa. Anataka shauri lifunguliwe. Aliposikia kwamba nimekulia kwenu, ukingoni mwa msitu, alinifuata mpaka mlangoni. Akaniuliza nina uhusiano gani na Makungu. Nikamweleza kwamba mama yangu mzazi alipatwa na homa baada ya kunizaa, maziwa yakakauka, na baba yangu mwenye duka hakuwa na la kufanya. Kwamba Mama yenu, ambaye alikuwa na Makungu wa wiki mbili kifuani, alikuja akanichukua, akaniweka upande wa pili. Kwamba wateja walimwambia baba ni aibu binti wa Kisomali kunyonya kwa Waboni, kama walivyopenda kuwaita ninyi Waaweer, naye akawajibu waende wakanunue sukari kwingine. Bi Jatinder aliitazama fomu yake. Haikuwa na nafasi ya ndugu wa kunyonya. Akageuza karatasi, akaandika pembeni kwa mkono: kaka yake.

Basi Jumamosi ya tarehe 27 mwezi uliopita alituita katika ukumbi mmoja wa Nechells. Tulikuwa kama watu ishirini, chai ya maziwa ipo, sambusa zipo, na hakuna aliyekula. Alitangulia Xavier, Mtwa wa Kivu, mtu mfupi mwenye sauti nzito. Dada yake aliuawa kwenye mpaka wa mbuga akitafuta kuni, mahali alipozaliwa bibi yao. Alisema Kiswahili chao cha Kongo, nami nakuandikia kama alivyosema: “Gorille moja ikikufa, dunia mzima inalia. Dada yangu alikufa, hata karatasi moja hawakuandika. Mimi sitafuti makuta, sitafuti feza. Niko natafuta mifupa yake, ni ile tu, c'est tout.” Akaketi. Nilimfikiria Mama, nikashindwa kumtazama Xavier usoni.

Baada yake akasimama mzee mmoja ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Jina lake Mohamednoor, Msomali wa Kenya kama mimi. Alipitia Uswidi kwa mwanawe, sasa anaishi na binti yake huku. Akaeleza kwamba kwa miaka kumi na mitano, kule mjini kwetu, kazi yake ya kujitolea ilikuwa kuosha na kuzika maiti za Waislamu zisizo na wenyewe. Hospitali ikikaa na maiti mpaka siku zake zipite, ilimwita. Yeye na wenzake wanne wanamwosha, wanamkafini, wanamswalia, wanamzika katika makaburi ya mji. Na kila aliyemzika alimwandika katika daftari. Siku hiyo alikuwa nalo mkononi, daftari la shule lenye jalada gumu, limevimba.

Limevimba kwa sababu ya vitambaa, dada. Katika nguo ya kila maiti alikata kipande kidogo, akakibandika kwa pini kwenye ukurasa wake. Bi Jatinder alimuuliza nani alimfundisha kazi hiyo. Mzee akasema hakufundishwa na mtu. “Mimi niliandika tu, mama. Mtu hawezi zikwa kama paka. Iko siku mtu wake atakuja uliza, na mimi nitasema nini? Nitasema sikuangalia?” Kisha akatuambia kwamba katika miaka yote hiyo watu watatu tu ndio waliokuja kuuliza.

Alianza kusoma kurasa za mwaka 2016, kwa kuwa Bi Jatinder alimwomba zile za wakati wa operesheni ya jeshi ya kusaka magaidi, msitu ulipofungwa na watu wenu wakaambiwa wasivuke barabara. Alisoma polepole, moja baada ya nyingine. Ukurasa wa nne ulisema hivi. Nimeunakili neno kwa neno:

“Mwanamume, umri kama miaka arobaini. Mrefu, mwembamba. Kovu la moto kiganja cha kushoto. Koti la mabaka ya jeshi, zipu imeshonwa uzi mwekundu. Shati la ndani, rangi haikujulikana kwa damu. Tasbihi mfukoni. Risasi mbili, za mgongoni. Hakuna aliyemuulizia. Safu ya tatu kutoka ukutani, kaburi la saba.”

Najua sasa hivi umeiweka barua chini. Najua umeanza kusema siye. Kovu lile la kiganja ulilifunga wewe kwa majani, siku kijinga cha kufukizia nyuki kilipomponyoka na sote watatu tukamficha Baba yenu. Lakini unajiambia kwamba watu wenye makovu ni wengi, na Makungu alitoka nyumbani kwenda kuuza asali mjini akiwa na shati la buluu, Nafiso alilifua yeye mwenyewe, na tangu azaliwe hajawahi kumiliki nguo ya mabaka. Ninyi mnaoishi pale mnajua raia akivaa nguo hiyo nini humpata. Mlikwenda hospitali ileile mara mbili, wewe na Nafiso, mkasimama kwenye korido na mwenye funguo akawauliza marehemu wenu alivaa nini. Mkasema shati la buluu. Akapitisha kidole kwenye kitabu chake, akasema hayupo, wapo wawili wa kanzu na mmoja wa kombati. Mkashukuru Mungu mkarudi nyumbani.

Yule wa kombati ndiye Makungu.

Nilimwomba Mzee Mohamednoor anisogezee daftari. Kipande kilichobandikwa pale alikuwa amekikata kando ya zipu, kina uzi. Dada, mimi ni fundi. Mshono wangu naujua hata gizani. Namalizia zipu kwa mafundo matatu yaliyopandana, kwa sababu fundi aliyenifundisha alinichapa rula kwa kumalizia kwa fundo moja. Mafundo yale matatu yalikuwepo. Uzi ulikuwa mwekundu kwa sababu siku ile wa kijani ulikuwa umeniishia.

Koti lile nilimtumia mimi.

Nilikuwa nimelikuta sokoni hapa mjini, katika nguo za mitumba. Zipu yake ilikuwa imeng'oka upande mmoja, lakini kitambaa kilikuwa kizito, hakipitishi maji, hakichanwi na miiba. Nikamfikiria yeye na mvua za msituni na nyuki zake. Vijana wa huku huvaa mabaka kwenda shule. Najib mwenyewe alikuwa na suruali yake. Nilikaa huku mpaka macho yangu yakasahau kuogopa. Nikalishona, nikampa huyuhuyu Ahmednoor aliyekuwa akisafiri. Ahmednoor alilikunjua, akaniangalia, akaniuliza, “Ladan, kombati? Kule?” Nikamcheka. Nikamwambia ni koti la mvua tu, aache woga wa kike. Nilitamka maneno hayo, na kila mwaka nayasikia.

Ahmednoor aliliacha kwa mfanyabiashara mmoja mjini, na Makungu alilichukua siku ileile aliyokwenda kuuza asali. Mvua ilikuwa imeanza. Alilivaa palepale juu ya shati lake la buluu, akaomba simu ya mtu ampige picha, akanitumia. Picha ninayo. Anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Chini aliandika kwamba sasa mvua itafute mtu mwingine, na kwamba anakata njia ya msituni ili awahi nyumbani kabla ya magharibi. Nikamjibu kwamba amependeza. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu.

Siku ya tano ulinipigia ukilia. Ulinisomea maneno mliyokuwa mnayapeleka kwa chifu na hospitalini, ukaniuliza yako sawa, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Ulisoma, “Alivaa shati la buluu na suruali nyeusi.” Simu yenye ile picha nilikuwa nimeishika kwa mkono huu mwingine. Nikakwambia yako sawa.

Sitakudanganya tena, kwa hiyo nitakueleza nilivyowaza. Kwanza nilijiambia ninamlinda. Nikisema alikuwa na kombati, kama amekamatwa watamwita gaidi, na kama amekimbia watamwinda. Hilo lilikuwa na ukweli wake kwa siku mbili tatu. Baada ya hapo lilikuwa uwongo, na niliendelea kulishika kwa kuwa niliogopa. Niliogopa Mama ajue kwamba yule aliyemnyonyesha ndiye aliyemvika mwanawe nguo ya kufia. Miezi ikapita, ikawa mwaka. Kadhi akampa Nafiso ruhusa ya kukaa eda, Mama akakataa arobaini isomwe kwa mtu ambaye kaburi lake halijaonekana, na wewe ukawa unanipigia kila Ijumaa kuniuliza kama kuna tetesi yoyote. Nami nikawa nakwambia usikate tamaa. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko koti, dada. Koti lilikuwa upumbavu. Lakini ningesema neno moja siku ile ya tano, mngemkuta. Alikuwa bado pale hospitalini, mlango mmoja kutoka mliposimama. Alizikwa siku kumi na moja baadaye. Mzee Mohamednoor ananiambia aliuliza hospitalini mara tatu kama kuna mtu anayemtafuta mtu mwenye koti la mabaka, kwa kuwa uso wake ulikuwa bado unatambulika, na kila mara alijibiwa hakuna.

Pale ukumbini nilisimama nikasema yote haya mbele ya watu. Sauti ilinitoka ya ajabu, Xavier akaniletea maji. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mzee Mohamednoor alifumba macho, akasema alhamdulillahi, kisha akaniuliza jina la marehemu, akatoa kalamu, akaliandika juu ya ukurasa.

Najib nilimwambia nyumbani siku iliyofuata. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama Auntie Dahabo anajua. Nikasema bado. Akaenda chumbani kwake bila kula. Tangu siku hiyo ananiuliza kila jioni kama nimeshaandika.

Bi Jatinder alikuja mwenyewe kwangu na karatasi zake. Alinieleza bila kunipaka mafuta. “Ladan, sikiza. Hii picha ukitoa, watasema huyo alivaa kama adui, tungefanya nini. Watamchafua. Na wewe watakuchafua. Lakini bila hii picha, na bila huo uzi wako, mimi sina mtu. Niko na kaburi tu.” Akasema picha ina tarehe na saa, na nyuma ya Makungu linaonekana bango la duka, kwa hiyo inathibitisha alikuwa muuza asali aliyetoka sokoni akiwa mikono mitupu. Risasi nazo ziliingia mgongoni. Mtu anayepigwa mgongoni, alisema Bi Jatinder, hakuwa amemkabili yeyote. Wako wengine kumi na wawili wanaodhaniwa kuwa wa jamii yenu katika daftari lile, wa miezi ileile, na huenda jina la Makungu likawafungulia mlango.

Nimetia saini. Ukurasa wa kwanza una jina langu kamili, na maelezo ya nani alilinunua koti, nani alilishona, nani alijua akanyamaza. Hilo lilikuwa langu, sikuhitaji ruhusa. Lililobaki ni lenu. Kaburi haliwezi kufunguliwa mpaka familia ikubali, na ili iwe hakika watahitaji kupangusa mate ya Mama kwa pamba, kazi ya dakika moja, haiumi. Mkikataa afukuliwe, Bi Jatinder ataheshimu, na shauri litaendelea na tulicho nacho. Wakili mwenzake atawafuata baada ya wiki tatu. Msiseme naye mpaka mmekaa wenyewe mkakubaliana. Wewe, Mama na Nafiso ndio wenye neno. Mimi sina neno humo, na nikijaribu kulitia, ninyamazishe.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Ningeuomba, ungejiona una wajibu wa kunijibu vizuri, maana wewe ndivyo ulivyo. Kasirika kwanza. Ukitaka kunipigia unitukane, nitapokea. Ukitaka usinipigie kabisa, nitajua kwamba barua imefika. Ila nina hamu naye, dada. Nimekuwa nikiwafariji ninyi kwa miaka tisa na mimi mwenyewe sijamlilia hata siku moja, kwa sababu kumlilia kungekuwa kusema ninalolijua. Sasa nalia ninaposhona, ninapopika, nikiwa kwenye basi. Mama mmoja wa Kihindi alinipa kitambaa jana, hakuniuliza kitu.

Nisalimie watoto wa Makungu. Nafiso mpe salamu ukiona zinafaa. Usipoona, ziache kwako. Majirani waliokuwa wakiniulizia waambie nipo, wala usiseme zaidi.

Kwa Mama nakuomba ufuate mpango huu. Usianze na koti. Anza kwa kumwambia kwamba mwanawe alioshwa kwa maji safi na mtu mwenye mikono ya huruma, akakafiniwa kwa kitambaa kipya, akaswaliwa na watu watano wasiomjua. Mwache alie mpaka atosheke. Ndipo umwambie juu yangu, lote, usinipunguzie hata neno. Kisha mpelekeni kaburini, mkamkodishie gari, msimtembeze juani. Mzee Mohamednoor ananiambia walipomsomea talkini walifika pale pa kumwita maiti kwa jina lake na la mama yake, na hawakuwa nalo lolote kati ya hayo mawili, wakamwita mja wa Mungu, mwana wa Hawa. Miaka tisa amelala kwa jina hilo. Mama asimame pale, safu ya tatu, kaburi la saba, amwite yeye mwenyewe kwa sauti: Makungu, mwana wa Kuresha.

Wasalaam,

Ladan